Macho Yaliyomwona Gordon

Karungu,
14 Januari 2025

Matiko,

Sikuulizi kama u mzima. Waliokuona Homa Bay wanasema unatembea na miguu yako na unanunua soda, kwa hiyo u mzima kuliko mwanangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikuria changu ni cha kuuzia dagaa wa omena tu, na Kijaluo chako ni cha kuombea chakula. Usinipigie simu. Tangu masikio yangu yaharibike, kwenye simu nasikia mvumo tu, na hata ningesikia, maneno haya nataka niyashike mkononi. Barua anakuletea Oliver wa boda. Jibu lako mpe yeye, usimpe mtu mwingine.

Binti yangu Lynnet anafanya kazi dukani huko Homa Bay. Ameniambia kila wiki unaingia kituo kimoja cha kanisa, na kuna mwanamke anakuzungusha macho ili usahau yaliyotokea kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Akaniambia pia kwamba gari linalokuleta ni la Elkana, mwenye shimo. Sasa niambie, Matiko: kwa nini mwenye shimo lililommeza mwanangu achome mafuta yake ili wewe usahau?

Uliniambia hospitalini kwamba Gordon alikufa papo hapo, kwamba ukuta wa shimo ulipoanguka yeye alikuwa upande wa pili wa mawe, na wewe ukatambaa ukatokea shimo la zamani la jirani. Nikakubali. Lakini ulipolala pale kitandani, kichwani ulikuwa na tochi ya Gordon. Tochi yako naijua, ina mpira mweusi. Ya Gordon mpira wake ulikatika, nikamshonea mkanda wa buluu kutoka sare yangu ya kanisa. Niliivua kichwani mwako mwenyewe na sasa iko ukutani kwangu. Kama alikuwa upande wa pili, ilikufikiaje?

Wazee wa ukoo wananisukuma. Kwetu, maiti isipopatikana, tunazika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu zito kama mtoto mchanga. Wanasema tangu Agosti Gordon hana kaburi, na nyumba haitatulia. Nimewaambia siziki tunda kabla sijajua namzika mtu aliyekufaje.

Nangoja.

Awino, mama Gordon


Magunga,
22 Januari 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima, hata kama wewe hukunisalimu. Ni haki yako.

Nakaa hapa Magunga kwa dada yangu Mellen, aliyeolewa huku. Nalima kidogo, nachunga ng'ombe wa shemeji. Karibu na maji marefu au mahali penye kuta siwezi kufanya kazi. Hata chooni naacha mlango wazi, na Mellen amezoea kuimba akipita ili nijue ni yeye.

Huyo mwanamke anaitwa Dorine, ni mshauri aliyesomea. Hanizungushi macho kama mganga. Anakaa pembeni yangu, karibu, ananiambia nishike akilini picha moja ya lile shimo, ile mbaya. Halafu anapitisha vidole viwili mbele ya macho yangu, kushoto kulia, kushoto kulia, nami navifuata bila kugeuza kichwa. Akisimamisha vidole ananiuliza, "Umeona nini sasa?" Namwambia. Tunaendelea. Hakuna dawa, hakuna ubani, silali usingizi. Mara nyingine nanusa udongo mbichi humo chumbani mpaka natapika. Anasema kazi si kusahau. Kazi ni kukumbuka kitu bila kurudi kukaa ndani yake.

Elkana ananibeba kwa utu tu. Ni Mkuria mwenzangu, na ananiona kama mdogo wake.

Kuhusu tochi: asubuhi ile yangu ilikuwa imeisha betri, Gordon akaniazima yake. Hakuna zaidi ya hapo.

Kubali yago, mama. Wazee wana sababu.

Matiko


Karungu,
3 Februari 2025

Matiko,

Nilijua utanidanganya, lakini nilifikiri utajitahidi.

Onyango ndiye aliyeshika kamba siku ile. Nilimkuta ufukweni akinunua samaki nikamuuliza swali moja tu: walishuka na tochi ngapi? Akajibu bila kufikiri: mbili, zote zinawaka, na ya Gordon ndiyo ilikuwa hafifu. Nani aazime tochi hafifu wakati yake inawaka? Niliuza omena Isebania miaka mingi kabla hujaota ndevu. Mtu akinitajia bei ya uongo naiona inatoka mdomoni.

Ulimvua kichwani? Alikuwa amekufa ukamvua, au alikuwa hai? Hilo ndilo ninalouliza kila nikiiona pale ukutani nikisonga ugali wangu wa mtu mmoja.

Na nakuambia hivi: acha huyo Dorine. Usinifundishe habari za kushoto kulia. Macho yako ndiyo ya mwisho kumwona mwanangu. Yakishaoshwa, mimi nitamuuliza nani? Elkana atakuwa amenizikia mara mbili, kwanza mtoto, halafu habari zake. Ukiendelea kwenda pale nitajua uko upande wao.

Awino


Magunga,
20 Februari 2025

Mama,

Nimeacha. Sijaenda Homa Bay tangu barua yako ifike.

Na ni kweli nilidanganya. Ile ya betri niliitunga hapa mezani, Mellen akiwa ananiangalia. Ukweli ni mbaya zaidi: sijui. Nakumbuka kishindo. Nakumbuka vumbi mdomoni. Baada ya hapo kuna kitu kama ukurasa uliochanwa, halafu niko hospitalini na wewe unanivua tochi. Hayo maneno kwamba alikufa papo hapo niliyakuta yakinisubiri. Watu wote pale wodini walikuwa wakisema, "Pole, wewe mwenyewe ndiye umetuambia mwenzio amekufa papo hapo." Nikayachukua, nikayavaa kama shati la mtu mwingine.

Wewe unaiogopa hiyo tochi? Mimi naiogopa zaidi. Mimi ndiye sijui mikono yangu ilifanya nini. Dorine alikuwa amenifikisha karibu na ule ukurasa. Wiki ya mwisho niliona mkanda wa buluu na vidole juu yake, sijui ni vyangu au vyake, nikamwambia asimamishe. Kwa hiyo ulipoandika niache, nikuambie kweli, nilishukuru.

Lakini tangu niache mambo yameharibika. Silali ndani, nalala barazani na ng'ombe wananipumulia. Juzi Mellen alidondosha sufuria, nikamsukuma ukutani kabla sijajua ni yeye. Mkono wake umevimba. Bado anaimba akipita.

Elkana amekuja mara mbili kuuliza mbona nimeacha. Amekasirika kweli. Anasema, "Maliza matibabu, usahau kabisa, uanze maisha." Ni mtu mzuri, anajali. Hata njiani tukirudi alikuwa akiniuliza kila mara, "Umebaki kukumbuka nini?" na nikisema sijaona kipya alikuwa ananinunulia chai.

Nisamehe kwa uongo wa betri.

Matiko


Karungu,
11 Machi 2025

Matiko,

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kila nikifika kwenye ile chai ya Elkana nasimama.

Mimi nakuambia usiende kwa sababu naogopa utasahau. Elkana anakuambia nenda kwa sababu anataka usahau. Tunaamini kitu kimoja, mimi na yeye, kuhusu hivyo vidole. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Sijawahi kukubaliana na yule mtu hata juu ya bei ya sukari.

Basi nikafunga safari mpaka Homa Bay kwenda kumwona huyo Dorine wako kwa macho yangu. Nilitegemea mtu mwenye shanga. Nikakuta msichana amevaa sweta, ana mafua. Nikamuuliza unasema nini ukiwa chumbani kwake, akakataa. Nikambembeleza, nikalia kidogo, nikamtishia kumshtaki kwa askofu, akakataa yote. Alisema tu, kwa sauti ya juu ili nisikie, "Mama, ya mgonjwa ni ya mgonjwa." Hapo nikaanza kumwamini kidogo.

Nikamwambia basi anionyeshe hiyo dawa ya kusahau. Akasema si ya kusahau na si ya kujaribu-jaribu, lakini mkono wenyewe angenionyesha. Akapitisha vidole. Mimi nilimweka Gordon moyoni, kwa ujanja tu, nione kama atafutika. Matiko, alikuja mzima mzima. Alikuja na ile kaptula iliyopasuka makalio, ameshika ndoano yake, ananilalamikia kwa nini nimempa Lynnet kichwa cha samaki. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Dorine aliona uso wangu akashusha mkono mara moja, akanipa maji.

Kwa hiyo nilikosea. Hiyo kazi haifuti, inafukua. Na kama inafukua, basi Elkana hajui analipia nini.

Rudi kwa Dorine. Mwambie Mellen mkono wake naufikiria. Usipande gari la Elkana, Oliver atakupeleka na kukurudisha, nimeshaongea naye. Elkana akiuliza, sema umeacha. Na ukishaona hivyo vidole ni vya nani, uniandikie hata kama ni vyako. Naogopa, lakini uniandikie.

Awino


Magunga,
9 Aprili 2025

Mama,

Kaa chini kwanza. Lynnet awe karibu.

Nilirudi. Dorine hakuniharakisha, tulianza upya kwa kupumua na kukanyaga sakafu. Halafu tukarudi kwenye mkanda wa buluu, na wiki iliyopita ule ukurasa ukafunguka.

Vidole vilikuwa vya Gordon.

Hakuwa upande wa pili. Alikuwa hapo kando yangu. Jiwe lilimbana kuanzia kiunoni kwenda chini, na tochi yangu ilikuwa imepondwa. Nilivuta lile jiwe mpaka kucha zikatoka. Alikuwa anaongea, mama. Alikuwa hai na anaongea vizuri, hata alinitukana kwa kuvuta vibaya. Kulikuwa na upenyo kuelekea shimo la zamani. Nikasema sitamwacha. Akajivua tochi mwenyewe, akanifunga kichwani kwa mikono yake, akasema, "Wewe ndiye unayetembea. Mimi hapa nitaangalia nini? Nenda, rudi na watu."

Nilitambaa. Nikatokea kwenye mwanga, watu wengi, Onyango yuko, wote Wajaluo isipokuwa Elkana. Na mdomo wangu ulikataa Kiswahili. Nilikuwa naongea Kikuria tu, kama mtoto. Nilikuwa nasema: yu hai, amebanwa miguu, njooni niwaonyeshe njia. Nikasema tena na tena. Watu wananitazama hawaelewi, wanamtazama Elkana. Elkana akanishika mabega, akawageukia, akasema kwa Kiswahili: "Anasema mwenzake amekufa papo hapo. Udongo bado unashuka. Asishuke mtu." Nilitaka kupinga, nikaanguka.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa nisikilize vizuri. Usiniamini.

Dorine mwenyewe amenionya. Anasema mambo yanayorudi hivi huweza kuchanganyika na hofu na matamanio, kwamba yeye anatibu, hatafuti ushahidi, na nisikimbilie polisi na picha ya kichwani. Na mimi najishuku. Mtu aliyetoka na tochi ya rafiki yake angependa kukumbuka nini? Angependa kukumbuka kwamba alipewa. Angependa mwenye hatia awe mwingine. Mbona yote yamekuja kunipendelea hivi? Labda nimejitungia, safari hii bila kujua.

Kama kuna mtu alisikia Kikuria changu siku ile, mtafute. Kama hakuna, unichukulie kama ulivyokuwa ukinichukulia.

Matiko


Karungu,
2 Mei 2025

Matiko,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Sikuinuka siku hiyo. Mwanangu alikuwa gizani akisikiliza kama watu wanakuja.

Halafu nikainuka, nikajaza beseni ya omena, nikaenda Osiri. Mwanamke anayeuza omena haulizwi anatafuta nini. Nilizunguka vibanda vyote nikisalimia kwa kile Kikuria changu kibovu, mpaka mwuza uji mmoja akacheka, akanijibu. Anaitwa Nyatichi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya lile shimo la zamani. Elkana hakumwona alipokuwa akiwatafsiria watu.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimuuliza tu, yule kijana wa kwenu aliyetoka shimoni Agosti alikuwa anasema nini? Matiko, sikumwonjesha hata neno lako moja. Akaweka kata chini. Akasema, "Alikuwa anasema mwenzake yu hai, amebanwa miguu, anaomba wamfuate." Nikamuuliza mbona hukupaza sauti. Akasema alimvuta Elkana pembeni akamuuliza, Elkana akamwambia kijana amechanganyikiwa kichwa, na kibanda kiko kwenye kiwanja cha Elkana. Akaanza kulia. Ndipo nikamwambia mimi ni mama yake yule aliyebanwa miguu. Nilitaka kumpiga kofi. Nilikunywa uji wake.

Onyango amenieleza mengine. Upenyo uliopita wewe haukutosha watu na vyuma vya kuinulia jiwe; ili wamtoe Gordon ingebidi wavunje ukuta wa shimo la pili la Elkana, lile lililokuwa likitoa dhahabu wakati huo. Basi.

Tumeandikisha maneno polisi, mimi, Onyango na Nyatichi, kila mmoja kwa mdomo wake. Ya kwako utasema mwenyewe ukiwa na nguvu. Elkana amefunga nyumba, simu haishikwi. Wengine wanasema amevuka Tanzania. Mimi siamini kinachosemwa Osiri mpaka nikione, lakini kesi imefunguliwa na nimekishika kikaratasi chake.

Shimo limejaa maji. Maafisa walikuja wakatazama, wakasema hakuna kuchimba. Kwa hiyo nimewakubalia wazee. Tutamzika Gordon kwa yago Jumamosi ya tarehe kumi na saba.

Huko Magunga, upande wa mbuga ya Ruma, miti ya yago imejaa. Wazee walitaka kutuma vijana wa ukoo walete tunda. Nimekataa. Wakauliza kwa nini lichumwe na Mkuria. Nikawaambia kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa.

Chuma wewe, mwanangu, ulete mwenyewe. Na usije peke yako. Gordon alikuambia urudi na watu.

Awino


Magunga,
25 Mei 2025

Mama,

Tumefika salama. Mellen na shemeji wanakusalimu, na Dorine pia. Baba yangu amerudi Kehancha na bado anasimulia jinsi mlivyomlisha. Hakuwahi kufikiri angelia kwenye boma la Wajaluo.

Nilipokuwa nimelibeba lile tunda mapajani njia nzima, lilikuwa zito hasa. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa naongea nalo. Nililiambia nimechelewa.

Usiku ule nililala kwako ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na sikujua kama umefungwa mpaka asubuhi.

Kuna jambo moja linanisumbua, na wewe umenifundisha kuuliza. Kabla sanduku halijafungwa uliwatoa watu wote chumbani, hata wazee, hata Lynnet. Wazee hawakufurahi, niliwasikia wakinong'ona uani. Na nilipoingia kuaga nilitazama ukutani, ule msumari ulikuwa mtupu. Nilitaka kuishika ile tochi mara moja tu. Imekwenda wapi? Umempa polisi?

Matiko


Karungu,
4 Juni 2025

Mwanangu Matiko,

Wewe sasa umekuwa mshuku kuliko mimi. Vizuri.

Polisi waliipiga picha na kunirudishia. Haiko kwao. Niliwatoa wazee kwa sababu wangesema si desturi, na sikuwa na nguvu ya kubishana siku ile.

Nilililaza lile tunda kwa upande, kama alivyokuwa akilala yeye. Nikalifunga ule mkanda wa buluu. Alikupa wewe uione njia, na njia umeshaiona.

Nilikuwa nimeinunulia tochi betri mpya. Nikaiwasha, ndipo nikawaita waje wafunge.

Mama yako,
Awino